Kutu ya Upande wa Juu

Inspekta Saulo Mwakipesile aliinua bati kwa mkono mmoja, akalishusha, akaliinua tena. Koplo Magesa alikuwa amesimama pembeni akijipepea kwa kofia, akimtazama mkubwa wake kama muuza matunda anavyomtazama mtu anayebonyezabonyeza embe asilokusudia kulinunua.

"Jepesi," alisema Saulo.

"Bati ni bati, afande."

"Sasa kitu chepesi namna hii kimevunjaje boriti nne?"

Kwa Magesa swali hilo lilikuwa limekwisha kujibiwa tangu Jumatano, siku aliyomtia pingu fundi Filemoni Mgaya. Hata hivyo alirudia maelezo yake kwa utaratibu. Nyumba ni ya Bartholomeo Kikoti, mkulima wa vitunguu, katika kijiji kipya kilichopimwa juu kidogo ya Ruaha Mbuyuni baada ya watu kuhamishwa kutoka ng'ambo ya mto. Jumanne mchana, mvua ya kwanza ya msimu ule wa mwaka 1976 ilipokuwa bado inanyesha, paa la chumba cha nyuma lilianguka lote kwa pamoja. Ndani alikuwamo Bi Rozalia, mama yake Bartholomeo, amejilaza baada ya chakula. Walipomtoa alikuwa amekwisha kufa. Nyumba yenyewe haikuwa imemaliza hata miaka miwili.

Aliyeiezeka ni Filemoni, Mbena wa Nyololo, Mlutheri asiyeonja pombe, aliyeteremka na mbao zake kutoka nchi ya baridi wakati watu walipohimizwa kujenga nyumba za bati. Mwezi uliopita yeye na Bartholomeo walikorofishana sokoni mbele ya watu. Bartholomeo alimwambia kwamba paa lake lilikuwa limemkaanga mama yake kama karanga. Fundi akamjibu kwamba kama ni hivyo angempeleka mama yake akalale mtoni. Jumatatu, siku moja kabla ya msiba, majirani walimwona Filemoni juu ya nyumba hiyo, mwenye nyumba akiwa safarini. Jumatano akakamatwa njiani, msumeno begani, na miti miwili mibichi. Alipohojiwa hakukana.

"Alisema, 'Nina kosa. Nyumba ile ilitaka nguzo.' Fundi mwenyewe anakiri alijenga nyumba pungufu. Ungetaka nini zaidi, afande?"

Asubuhi ile, kabla ya kuteremka mlima Kitonga, Saulo alikuwa amekwenda kumwona Filemoni mahabusu mjini Iringa. Alimkuta amekaa kwenye sakafu ya saruji, viatu vimevuliwa kamba, na akayapata maneno yaleyale. Alipomuuliza kwa nini basi hakuziweka hizo nguzo, Filemoni alitazama sakafu, akasema, "Nilichelewa." Jumatatu angefikishwa mahakamani kwa kosa la kuua bila kukusudia, na kwa maneno yale hakimu asingehitaji hata kunywa maji katikati ya hukumu. Tena mjini palikuwa na wakubwa waliokwisha kuanza kutamka hujuma, maana nyumba za bati zilikuwa fahari ya mkoa. Neno hilo likishaingia katika jalada halitoki.

"Nionyeshe alipokata kwa msumeno," Saulo alisema.

Magesa alikwenda moja kwa moja kwenye boriti ya tatu, akagusa ncha yake. Palikuwa na mkato ulionyooka, unaoingia nusu ya unene wa mti. Saulo alipiga goti. Mkato ulikuwa umegeuka rangi ya majivu, umejaa vumbi la zamani, na msumari wenye kutu ulikuwa umepita katikati yake.

"Hiki ni kiungo. Kilikatwa siku ya kujenga ili boriti ikae vizuri juu ya ukuta. Na haikuvunjikia hapa." Alisogea hadi katikati ya mti, pale ulipoachana. Nyuzi za mti zilikuwa zimechomoka ndefu, zimetapakaa kama katani iliyopigwa. "Mti uliokatwa huvunjika mfupi na safi. Huu ulipinda, ukapinda, mpaka ukachoka. Na wenzake watatu vivyo hivyo."

"Basi ni mti mbovu. Watu wa huku wanasema misindano, hii miti ya baridi ya Mufindi, ikiteremshwa kwenye joto inaoza."

Saulo alichomeka kisu chake cha mfukoni kwenye boriti. Ncha iliingia kidogo, ikagoma. Alipoichomoa ilinukia utomvu. Alijaribu mahali pengine, kisha boriti nyingine, akitafuta unga wa wadudu, asiupate. Miti ilikuwa mizima. Kwa hiyo haikukatwa, na haikuoza. Ilikuwa imebebeshwa mzigo, na mzigo huo haukuwa bati.

Alirudi kwenye mabati. Magesa aliyakuta yamepangwa kando ya ukuta na majirani, wakati wa kuokoa. Saulo aliyalaza chini moja baada ya jingine. Misumari ilikuwa imepigwa mahali pake, kwenye migongo ya bati, si kwenye mabonde ambako maji hupita. Mtu aliyefanya hivyo alijua kazi. Upande wa ndani ulikuwa umeshika moshi wa jikoni, lakini hauna kutu. Kutu ilikuwa upande wa juu, nyekundu, nene, imekula bati hadi mahali pengine kidole kingeweza kupenya. Ilikoma ghafla kwenye mstari ulionyooka, pale bati moja lilipofunikwa na jingine. Chini ya hapo bati liling'aa kama siku lilipotoka dukani.

"Magesa, mvua ikinyesha huku, bati linakauka baada ya muda gani?"

"Kwa jua hili? Hujamaliza kuwasha sigara."

"Na bati jipya lisilolowa likapataje kutu ya namna hii?"

Koplo aliinama, akatazama kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama kweli. Saulo alichokonoa kwenye bonde la bati, karibu na kichwa cha msumari. Kilitoka kipande cha udongo mwekundu, kigumu kama kigae. Magesa alisema ni matope ya paa lilipoanguka. Saulo alimkumbusha kwamba paa linapoanguka, upande wa chini ndio unaopiga sakafu. Huu ulikuwa umetazama mbinguni. Alikivunja kile kipande. Ndani mlikuwa na majani makavu yaliyokatwakatwa, na ganda jembamba la kitunguu. Matope ya kurukiwa hayachanganywi na majani. Huo ulikuwa udongo uliokandwa kwa miguu.

Msiba ulikuwa umehamia kwa jirani, mjane aitwaye Severina, kwa sababu nyumba ya Bartholomeo haikuwa ya kukalika. Nyumba ya Severina ilijengwa kwa kipimo kilekile: ukuta wa mbele umepandishwa, paa la bati lina mteremko mmoja mdogo wa kuelekea nyuma. Ukiwa barabarani huoni kitu juu ya ukuta ila anga. Ndani wanawake walikuwa wameketi kwenye mikeka, na pembeni kabisa mama mkwe wa Severina, bibi kizee, alikuwa amelala usingizi mzito.

"Kamwene," Saulo alisalimia. Yeye alikuwa mtu wa Tukuyu, na Kihehe chake kiliishia hapo.

"Kamwene," waliitikia, na mmoja akatabasamu kwa matamshi yake.

Alitoa pole, akakaa karibu na Verediana, mke wa Bartholomeo, mwanamke mwembamba aliyejifunika kanga hadi kwenye nyusi. Alijibu kila alichoulizwa, taratibu, bila kupunguza. Mvua ilianza mama akiwa amelala. Kulitokea mlio, kisha mlio mwingine, kisha vumbi likatoka mlangoni kama moshi. Wanaume walifukua kwa majembe. Mume wake alirudi jioni kutoka Iringa alikopeleka vitunguu, akakuta mama amekwisha kuoshwa.

"Mama, juu ya paa kulikuwa na nini?"

"Hakuna kitu."

"Hata kidogo?"

"Paa tu, afande. Kungekuwa na nini?"

Magesa alisema kutoka mlangoni kwamba hilo yeye aliwauliza wote, na wote walijibu hivyohivyo.

Saulo alitoa leso kujifuta jasho. Shingo yake ilikuwa kavu. Alimtazama Magesa, ambaye shati lilikuwa limemganda mgongoni. Kisha akatazama juu, kwenye bati tupu lililokuwa linaonekana kati ya boriti. Ilikuwa saa saba ya mchana. Aliomba kigoda, akapanda, akaweka kiganja kwenye bati. Lilikuwa la baridi kama ubavu wa mtungi. Na boriti iliyokuwa mbele ya macho yake ilikuwa imebonyea katikati kama mgongo wa punda mzee.

Alishuka. Safari hii alibadili swali.

"Mwaka huu mlianika wapi vitunguu vyenu?"

"Juu ya nyumba."

"Juu ya bati, kwa jua hili?"

Wanawake wawili walicheka chinichini, na Verediana mwenyewe karibu acheke. "Vingeiva, baba. Juu ya udongo."

Hakuna aliyekuwa amemficha mtu kitu. Ng'ambo ya mto watu hao walizaliwa na kuzeekea katika tembe, nyumba yenye paa bapa la udongo, ambalo juu yake watu hutembea, huanika mazao, na hata hulala wakati wa kiangazi. Kwao udongo haukuwa kitu kilichowekwa juu ya paa. Ndio uliokuwa paa. Bati ndilo lililokuwa limezidi.

Verediana alieleza mengine bila kuulizwa. Mama mkwe wake alipoingizwa katika nyumba ya bati siku ya kwanza, aliketi mpaka adhuhuri, akatoka nje, akakaa kwenye kivuli cha ukuta, na hivyo ndivyo alivyoishi miezi ile ya joto, akikizunguka kivuli kama kuku. Alikonda. Alikataa chakula. Mwisho Bartholomeo alileta fito na majani, akakanda udongo, akautandaza juu ya bati na kuushindilia kwa miguu jinsi baba yake alivyomfundisha. Siku hiyo mama alilala ndani tangu mchana mpaka jioni. Wenye wazee wakaja kuona. Wakaenda wakafanya kwao.

"Na fundi Filemoni?"

Hapo alivuta kanga. Jumatatu boriti zilianza kulia, alisema. Mama ndiye aliyemwita fundi. Fundi alipanda, akashuka ameshika kichwa, akasema mama asilale mle mpaka yeye alete nguzo za kutegemeza. Mama alimjibu kwamba ni chumba hicho tu kinachompa usingizi. Fundi akabishana naye, akashindwa, akachukua msumeno akaenda porini kukata miti.

"Kwa nini hukumweleza Koplo?"

"Aliniuliza nani alipanda juu. Nikamwambia." Alivuta pumzi. "Tena ningesemaje? Fundi alikataza mama asilale mle, na Jumanne mimi ndiye niliyemtandikia."

Magesa alivaa kofia yake, akaivua.

Walipotoka nje Saulo aliegemeza ngazi kwenye ukuta wa mbele wa Severina, akapanda mpaka kichwa chake kikapita ukingo. Mbele yake palikuwa na uwanja mwekundu, laini, uliopigwa vizuri, wenye maganda ya vitunguu na maboga mawili. Upande wa chini uliwekewa gogo la kuzuia udongo usiteleze. Alichomeka kisu mpaka kwenye mpini, na hakikugusa bati. Mvua ya Jumanne ilikuwa bado imo; alipokichomoa kililowa. Aliinua macho. Nyumba ya pili ilikuwa hivyohivyo, na iliyoifuata, na nyingine upande wa pili wa njia. Nyuma yake, juu ya milima, mawingu yalikuwa yamejikusanya, meusi kwa chini.

Bartholomeo Kikoti waliyemkuta nyuma ya nyumba yake alikuwa mtu mrefu, mwenye mikono mikubwa, na ndevu za msiba. Hakungoja salamu.

"Jumatatu mnampeleka mahakamani, au mnamlisha ugali wa serikali mpaka lini?"

"Kaa, Ndugu Bartholomeo."

"Nimekaa tangu Jumanne."

Saulo alimwonyesha lundo la udongo mwekundu lililokuwa kando ya ukuta, limekanyagwa na waombolezaji. Aliuliza ulitoka wapi. Bartholomeo alijibu kwamba ulitoka juu; waliuondoa ili wampate mama. Je, aliuweka mara ngapi? Mara mbili, alisema: mwaka jana, na tena mwezi uliopita. Kila mwaka kabla ya mvua sharti uongeze udongo mpya juu ya ule wa zamani kuziba nyufa, la sivyo paa litavuja. Baba yake alifanya hivyo, na babu yake, na matembe yao hayakuwahi kuanguka. Alisema hayo kwa sauti ya mtu anayemfundisha mgeni asiyejua jambo la kila siku.

"Tembe la baba yako lilisimamia nini?"

"Nguzo. Nguzo za mti mgumu, zenye panda. Ndani humo unapita kwa kuzikwepa, utadhani uko..."

Hakumaliza. Saulo alichukua bati moja, akampa alishike. Bartholomeo alilishika kwa vidole viwili. Kisha Saulo akavuta karibu karai ambalo Magesa alikuwa amelijaza ule udongo uliolowa, akaliweka miguuni pake. Bartholomeo hakuinama kuliinua. Alilitazama muda mrefu, bati likiwa bado mkononi.

"Fundi hakuniambia," alisema hatimaye.

"Hukuwepo. Alimwambia mama, mama akakataa kuhama. Miti aliyokamatwa nayo alikuwa anawaletea."

"Ningekuwepo ningemfukuza." Aliliweka bati chini polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika. "Ningemwambia mtu wa baridi hajui nyumba zetu." Halafu akauliza, bila kumtazama Inspekta, "Kama ningemwacha na joto lake, angekuwa hai?"

Magesa alikohoa. Lilikuwapo jibu la huruma, na koplo alikuwa tayari kulitoa. Lakini Saulo alikuwa ameulizwa swali lenye jibu.

"Kwa mvua ile ya Jumanne, ndiyo. Bati peke yake lisingeanguka."

Bartholomeo alitikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyetajiwa njia ya kwenda mahali. Hakulia. Aliomba wino. Maelezo yalichukuliwa palepale, Saulo akiandika juu ya goti: kwamba udongo aliuweka mlalamikaji mwenyewe, mara mbili, fundi asijue, kwamba haoni kosa la fundi, kwamba anaomba afunguliwe. Alipofika mwisho Bartholomeo alimrudisha nyuma, akataka iongezwe kwamba yale maneno ya sokoni aliyaanza yeye.

Saulo alimkabidhi Magesa karatasi, akamtuma kwa Land Rover hadi kituo kidogo cha barabarani akapige redio Iringa. Filemoni Mgaya atolewe leo hii na aletwe huku na msumeno wake. Ziko nyumba zenye hali hiyohiyo, na wa kuzitegemeza ni yeye.

"Afande, kwenye jalada niliandika amekiri," Magesa alisema kwa sauti ya chini.

"Uliandika alichosema. Sasa andika alichokuwa anamaanisha."

Ngurumo ya kwanza ilisikika kabla gari halijafika barabara kuu. Saulo aligeuka kumtafuta Bartholomeo pale alipomwacha, asimwone. Alimkuta kwa Severina. Alikuwa amekwisha kupanda juu kwa ngazi ileile, jembe mkononi, na mabonge ya udongo mwekundu yalikuwa yanaanguka nyuma ya nyumba kwa vishindo. Watu walitoka kutazama. Severina alikuwa amemshika mkono mama mkwe wake, akimvuta atoke. Bibi kizee, aliyekatishwa usingizi, alisimama kizingitini akilalamika kwa yeyote atakayemsikia. Mwaka mzima alikuwa hajaungua, alisema, na sasa kijana huyu asiye na adabu anamrudisha kwenye kikaango. Ametumwa na nani? Amwache na paa lake.

Jembe lilisimama. Kichwa cha Bartholomeo kilichomoza juu ya ukuta, jasho na vumbi vimemfanya mwekundu.

"Vumilia joto, mama yangu," alisema. "Wa kwangu mimi nilimpoza."

Kisha akaendelea kulima paa, na mwanamume mmoja, halafu mwingine, wakaenda kuchukua majembe.